Ritifaa ya Chang'ombe

Kivinjari kikisoma ukurasa na kukuta tagi ya script yenye src="maeneo.php", hakishtuki kuona jina linaishia na php badala ya js. Kinachoona ni anwani tu. Kinaiomba seva, kinangoja maandishi, kisha kinayaendesha kama JavaScript. Maandishi hayo yawe yametoka kwenye faili lililolala diskini au yametungwa na PHP sekunde hiyohiyo, kwake ni mamoja. Ruhusa hiyo imetulisha watengenezaji wengi wa tovuti katika Afrika Mashariki, nami nimo, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuitwa kurekebisha inachozaa. Naandika kumbukumbu hizi kwa ajili ya kijana anayekabidhiwa leo mfumo wa namna hiyo, kwa sababu mifumo hiyo bado ipo na kuna watu wanaoitegemea kupata riziki.

PHP na JavaScript ni rika moja. Rasmus Lerdorf alitoa PHP hadharani Juni 1995. Brendan Eich wa Netscape aliunda JavaScript Mei mwaka huohuo. Moja hukaa kwenye seva, nyingine kwenye kivinjari. Kazi ya msingi ya PHP ni kuchapisha maandishi, na haiulizi kama maandishi hayo ni HTML, CSS au JavaScript. Kwa hiyo haikuchukua muda watu kugundua kwamba orodha ya bei iliyomo kwenye hifadhidata inaweza kuchapishwa moja kwa moja ndani ya skripti, ikafika kwa mteja tayari kwa matumizi.

Huku kwetu kulikuwa na sababu ya ziada. Kabla waya wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, data nyingi za Tanzania zilipanda hadi kwenye setelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, zikashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Nusu sekunde ilikwisha kabla seva haijafanya lolote. Ombi moja la ziada lilikuwa gharama ya kweli. Tena kanuni ya HTTP/1.1, yaani RFC 2616 ya 1999, ilikitaka kivinjari kisifungue zaidi ya miunganisho 2 kwa wakati mmoja kwenye seva moja. Steve Souders alipochapisha High Performance Web Sites mwaka 2007, kanuni yake ya kwanza ilikuwa kupunguza idadi ya maombi. Aliyeandika skripti ya PHP inayobeba msimbo na data kwa safari moja alikuwa na hoja nzuri mkononi. Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi tabia ya kuwacheka waliotutangulia. Walijenga kwa hali waliyokuwa nayo.

Mfumo ulionifundisha zaidi ulikuwa wa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikipeleka mizigo majumbani. Aliyeujenga alikuwa ameshaondoka, nami nikapewa nenosiri la seva na namba ya simu ya ofisini. Mteja alikuwa anafungua ukurasa, anachagua eneo lake kwenye orodha, bei inatokea, anabonyeza kuagiza. Orodha ya maeneo, bei zake na msimbo wa kukokotoa vyote vilitoka kwenye faili moja, maeneo.php.

Asubuhi moja dada wa huduma kwa wateja akanipigia.

"Kaka, wateja wanalalamika. Wakichagua eneo bei haitokei. Hata kile kitufe cha kuagiza hakibonyezeki."

"Wateja wa wapi hao?"

"Wote. Wa Mbezi, wa Masaki, wa Kigamboni. Wote."

"Kuna mtu kagusa mfumo leo?"

"Hakuna. Mimi nimeongeza tu maeneo ya Temeke, kama bosi alivyosema jana."

Nilifungua konsoli ya kivinjari. Ilikuwa imeandika Uncaught SyntaxError: Unexpected identifier, na pembeni jina la maeneo.php. Nikaiita anwani ya faili hilo moja kwa moja ili nione kile ambacho kivinjari kilikuwa kimepewa. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi:

var maeneo = ['Ilala', 'Kariakoo', 'Tandika', 'Chang'ombe', 'Mtoni'];

Utazame vizuri. PHP ilikuwa inazunguka orodha, inaweka alama moja ya nukuu, inachapisha jina, inafunga kwa alama nyingine ileile. Kwa Ilala na Kariakoo mambo yalikwenda sawa. Ilipofika Chang'ombe, JavaScript ilisoma alama ya kufungua, ikasoma Chang, ikakuta ritifaa, ikaihesabu kuwa ndiyo alama ya kufunga. Kilichofuata, ombe, hakikuwa ndani ya nukuu wala hakikuwa amri inayojulikana. Hapo ndipo ilipokwama.

Na ilikwama na kila kitu. JavaScript huchambua faili zima kabla ya kuendesha mstari wake wa kwanza. Kosa moja la sarufi likipatikana, faili lote hutupwa. Kwa kuwa msimbo wa kukokotoa bei na ule wa kitufe vilikuwa humohumo, mteja wa Masaki ambaye hana habari na Temeke alikosa huduma kwa sababu ya jina la mtaa asiokaa. Upande wa seva kulikuwa kimya. Kumbukumbu za makosa hazikuwa na neno, na jibu la HTTP lilikuwa 200, kwamba mambo yako sawa. Kwa PHP yalikuwa sawa kweli: iliambiwa ichapishe maandishi, ikachapisha.

Dada yule, aliyekuwa bado kwenye simu huku wateja wakimsubiri, akapendekeza njia ya mkato. "Basi kaka, niandike Changombe bila kile kialama?"

Nikamwambia hapana, aliache jina kama lilivyo, mfumo ndio utakaobadilika.

Jibu hilo nalisimamia mpaka leo. Nimeona rejista na risiti zenye majina yaliyopoteza ritifaa kwa sababu programu fulani haikuivumilia, na mwenye jina akaambiwa ndivyo kompyuta inavyotaka. Ng'ambo ya Unguja, Mang'ula ya Morogoro, Nyang'hwale ya Geita: haya ni majina ya mahali watu wanapoishi, na yameandikwa sahihi. Programu inayouzwa Tanzania lakini haiwezi kubeba herufi za Kiswahili haijakamilika.

Dawa ilikuwepo tangu PHP 5.2.0 ya Novemba 2006, nayo ni json_encode. Nikaufuta ule mzunguko wa kubandika alama za nukuu kwa mkono na kuweka mstari mmoja:

var maeneo = <?php echo json_encode($maeneo); ?>;

Kilichotoka kilikuwa orodha ileile, kila jina limefungwa kwa alama pacha za nukuu, na Chang'ombe imekaa ndani na ritifaa yake bila kumsumbua mtu. Wengi hukimbilia addslashes, inayoweka mkwaju wa nyuma mbele ya ritifaa. Hiyo ingeiponya Chang'ombe, lakini siku mtu wa ofisini atakapobonyeza Enter katikati ya maelezo ya eneo, mstari mpya utaingia ndani ya nukuu, na JavaScript hairuhusu hilo. addslashes haigusi mstari mpya. json_encode huugeuza kuwa \n. Na kama data hiyo unaichapisha ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye faili la pembeni, ongeza JSON_HEX_TAG iliyokuja na PHP 5.3, ili alama za < na > zigeuzwe kuwa \u003C na \u003E. Usipofanya hivyo, unategemea bahati kwamba hakuna atakayejaza tagi kwenye sehemu ya jina lake.

Ritifaa ilirudi tena kwa mlango mwingine. Baada ya kampuni kupanuka, orodha ndefu ya mitaa ililetwa kwenye faili la Excel, na sehemu yake ilikuwa imenakiliwa kutoka Word. Word hupenda kuibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Katika usimbaji wa Windows-1252 ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 0x92, na baiti hiyo ikisimama peke yake si UTF-8 halali. json_encode hukubali UTF-8 tu. Kuanzia PHP 5.5, ikikutana na baiti mbovu hurudisha false, na false ikichapishwa kwa echo haitoi herufi hata moja. Kivinjari kikapokea var maeneo = ; na ukurasa ukasimama tena.

Nikaanza kusafisha data pale inapoingilia. Faili likiletwa, mb_convert_encoding hulibadilisha kwenda UTF-8, na ritifaa iliyopinda ikiwa katikati ya neno hubadilishwa kuwa iliyonyooka, maana vinginevyo orodha inakuwa na Chang'ombe mbili na bei mbili. Tena sichapishi chochote bila kuangalia kwanza kama json_encode imefaulu. Tangu PHP 7.3 ya Desemba 2018 kuna JSON_THROW_ON_ERROR, inayolazimisha kosa lipige kelele kwenye seva badala ya kujificha mpaka liibukie kwenye simu ya mteja. Iweke kila mahali.

Niseme kwa kifupi juu ya vichwa vya jibu. PHP isipoelekezwa, hutangaza kila inachotoa kuwa text/html. Vivinjari vilivumilia jambo hilo kwa muda mrefu, mpaka wasimamizi wa seva walipoanza kuwasha kichwa cha X-Content-Type-Options: nosniff, kilicholetwa na Internet Explorer 8 na kupokewa na vivinjari vingine. Kichwa hicho kikiwepo, kivinjari hukataa kuendesha skripti iliyotangazwa kuwa HTML, na skripti za PHP zilizokuwa zikifanya kazi kwa miaka hunyamaza siku moja bila mtu kugusa msimbo wake. Kwa hiyo header('Content-Type: text/javascript; charset=utf-8') iwe juu kabisa. RFC 4329 ya 2006 ilitaka application/javascript, RFC 9239 ya Mei 2022 ikarudisha text/javascript. Vivinjari vinakubali zote mbili. Na "juu kabisa" maana yake kabla ya herufi yoyote kutoka. Faili likihifadhiwa na Notepad likiwa na zile baiti 3 za mwanzo, EF BB BF, ambazo jicho halizioni, PHP italalamika kwamba vichwa vimeshatumwa, na lalamiko hilo lenyewe litachapishwa kama HTML katikati ya JavaScript yako. Ukiona Unexpected token '<' kwenye konsoli, fungua anwani ya skripti moja kwa moja. Mara nyingi utakuta onyo la PHP limekaa mstari wa kwanza. Kwenye seva ya wateja zima display_errors, washa kumbukumbu za makosa.

Suala lililonikaa moyoni kuliko hayo ni bando. Simu za wateja wetu wengi zilitumia vifurushi vya MB, na mfumo huu ulikuwa unazila bila kujali. Nilifungua kichupo cha Network nikaangalia majibu ya skripti zetu. Kila moja ilikuja na kichwa hiki: Expires: Thu, 19 Nov 1981 08:52:00 GMT. Chini yake, Cache-Control: no-store, no-cache, must-revalidate. Nikaipekua maeneo.php nione nani anayeandika tarehe hiyo, hakuwemo. Ilikuwa inatoka kwenye PHP yenyewe. Ukiita session_start() bila kubadilisha mipangilio, PHP inadhani unatoa ukurasa wa mtu binafsi, kwa hiyo inakiambia kivinjari kwamba jibu hili limekwisha muda tangu 1981 na lisihifadhiwe kamwe. Sisi tulikuwa na faili moja dogo la kuanzishia kila kitu, lililoitwa na kila skripti kwa mazoea, na ndani yake mlikuwa na session_start().

Matokeo yake yalikuwa haya. Kulikuwa na skripti nyingine, unganisha.php, iliyokuwa ikiunganisha jQuery na viongezi vyake kuwa kitu kimoja. jQuery ya wakati huo iliyopunguzwa ilikuwa na takriban KB 94, na ikibanwa kwa gzip ilishuka hadi kama KB 33. Seva ilikuwa imepangiwa kubana HTML tu. Kwa hiyo mteja aliyepita kurasa kumi alipakua jQuery ileile mara kumi, bila kubanwa, karibu MB 1 imekwenda kwa kitu ambacho simu yake ingekihifadhi tangu ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna hata aliyejua, maana ofisini tulitumia waya.

Faili la kawaida la js halina shida hii. Apache huliwekea Last-Modified na ETag yenyewe, na kivinjari kikirudi kuuliza kama limebadilika, hujibiwa 304 kwa baiti chache, kama muuza duka anayekwambia bei ni ileile ya jana bila kuanza kukusomea orodha nzima. PHP haikufanyii hayo. Unapoamua kwamba JavaScript itolewe na skripti, umejitwika kazi zote ambazo seva ilikuwa ikizifanya bila kuombwa, na kama hukujua kwamba zilikuwepo, hutajua kwamba zimekoma.

Nikaitoa sesheni kwenye skripti zisizoihitaji. Kwa maeneo.php nikachukua muda wa mabadiliko ya mwisho kwenye jedwali la maeneo, nikaufanya kuwa ETag, nikaulinganisha na HTTP_IF_NONE_MATCH inayoletwa na kivinjari. Zikilingana, skripti inatuma 304 na kutoka, kabla haijasoma orodha. Wapo wanaotunga jibu lote kisha wakalipiga md5 ili wapate ETag. Hiyo inaokoa bando la mteja lakini seva inabaki na kazi ileile. Bora kuuliza hifadhidata swali moja dogo.

Kutoa sesheni kulileta faida niliyoitarajia kidogo tu, kumbe ilikuwa kubwa. PHP ikitunza sesheni kwenye mafaili, kama ilivyo kawaida yake, hulifunga faili la sesheni ya mtu mpaka skripti imalize. Skripti kadhaa za PHP kwenye ukurasa mmoja, zote zikianza sesheni, haziendi sambamba hata kidogo. Zinapanga foleni, moja ikiingoja nyingine. Kwenye mtandao wa polepole mteja huiona foleni hiyo kama ukurasa mweupe. Kama kweli unahitaji kusoma sesheni, soma unachotaka kisha ita session_write_close() mara moja.

Ile unganisha.php ilikuwa na jambo baya zaidi, na hili nilipoliona niliacha kazi nyingine zote. Ndani yake mlikuwa na mstari huu: readfile('js/' . $_GET['faili']). Ukiomba unganisha.php?faili=jquery.js unapata jquery.js. Kwa mstari huo peke yake, ukiomba unganisha.php?faili=../mipangilio.php ungepata faili la mipangilio, pamoja na nenosiri la hifadhidata. readfile haiendeshi PHP, inasoma tu na kutoa maandishi, kwa hiyo siri zote zinatoka zikiwa wazi. Aliyeandika aliwahi kuhisi hatari hiyo, maana juu yake kulikuwa na str_replace ya kufuta ../ lakini haikutosha: ukiandika ....// na zile herufi tatu za katikati zikafutwa, kinachobaki ni ../ tena.

Hapa sina subira na njia za kusafisha maandishi ya mtu asiyejulikana. Nikaweka orodha ndani ya skripti: neno jquery linamaanisha faili hili, neno kalenda linamaanisha faili lile, na neno lolote lisilo kwenye orodha linajibiwa 404. Anayeomba hachagui njia ya faili, anachagua jina kwenye orodha niliyoiandika mimi. Halafu tukabadilisha nenosiri la hifadhidata, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kama lilikuwa limeshasomwa.

Hatari za skripti za kuunganisha si za kampuni ndogo peke yake. Mwaka 2018 udhaifu uliopewa namba CVE-2018-6389 ulihusu load-scripts.php ya WordPress, inayounganisha JavaScript za upande wa utawala. Mtu asiye na akaunti aliweza kuiomba, akataja mafaili mengi kwa ombi moja, na kurudia mpaka seva ilemewe. Kila ombi la faili tuli ni kazi ndogo kwa seva. Kila ombi la skripti ya PHP linachukua mchakato mzima na kumbukumbu yake, na seva ndogo tunazokodi huku haziwi nayo nyingi.

Lipo la mwisho kwenye mfumo ule. mteja.php ilikuwa inachapisha var mteja = ... yenye jina, simu na anwani ya mteja aliyeingia, ili fomu ijijaze yenyewe. Huduma nzuri. Ila tagi ya script haina mipaka ya tovuti: ukurasa wowote duniani unaweza kuandika src ya mteja.php yetu, kivinjari cha mteja kikatuma kuki zake, na ukurasa ule mgeni ukasoma kigeu kile kama cha kwake. Chrome ilipoanza mwaka 2020 kuzichukulia kuki zisizo na maelekezo kuwa SameSite=Lax, mlango huo ulifungwa kwa sehemu kubwa, lakini kwa wanaotumia Chrome tu au kivinjari chenye kanuni hiyo. Taarifa za mtu zisitoke kama JavaScript. Zitoke kama JSON, kwa ombi ambalo kivinjari hakitamruhusu mgeni kusoma jibu lake.

Bosi wa kampuni aliposikia naondoa PHP kwenye JavaScript aliniita ofisini. Wasiwasi wake ulikuwa wa haki. "Kijana, si ndiyo inatuficha kanuni za bei? Washindani wataona."

"Mzee, walikuwa wanaona tangu siku ya kwanza," nikamjibu, nikamfungulia kivinjari na kumwonyesha kanuni zake zote, mstari kwa mstari. Jina la faili kuishia na php hakufichi kitu; kinachoendeshwa kwenye simu ya mteja kinasomeka kwenye simu ya mteja. Zaidi ya hapo, bei iliyokokotolewa kwenye kivinjari mteja anaweza kuibadilisha kabla ya kuituma. Tukahamisha ukokotoaji kwenye seva, kivinjari kikabaki kuonyesha bei tu. Bosi alifurahi, na nadhani hilo ndilo badiliko pekee alilolielewa lote.

Leo sababu zilizowasukuma waliotutangulia zimepungua nguvu. Waya za baharini zimefika. HTTP/2, iliyotoka kama RFC 7540 Mei 2015, hupitisha mafaili mengi kwa pamoja kwenye muunganisho mmoja, kwa hiyo kuunganisha kila kitu si lazima kama zamani. Msimbo wangu wa JavaScript sasa hukaa kwenye mafaili tuli, na data hukaa pembeni: ama kwenye tagi ya script yenye type="application/json" ndani ya ukurasa, ambayo kivinjari hakiiendeshi, ama kwenye anwani inayojibu JSON. Siku jina fulani likiharibika, linaharibika peke yake. Kitufe cha kuagiza hakifi nalo. Bado naiachia PHP itoe JavaScript panapostahili, kama vile kijiskripti ambacho tovuti nyingine inakiweka kwenye kurasa zake na kinachohitaji kujua mwenye tovuti ni nani. Hapo nafuata yote niliyoyaeleza, kuanzia kichwa cha aina mpaka 304.

Kwa wanaofundisha PHP vyuoni na kwenye mafunzo ya jioni, nawaomba jambo moja. Mnapofika kwenye somo la kupeleka data kutoka PHP kwenda JavaScript, msianze na echo katikati ya alama za nukuu mkaahidi kwamba njia salama itakuja muhula ujao. Wengi hawafiki muhula huo. Wanapata kazi na kuandika walichokumbuka. Anzeni na json_encode, na mifano ya majina iwe ya watu na mitaa ya hapa, ritifaa zake zote zikiwa mahali pake.